Kazi ya Bwana Dutemps

Kama unatoka sokoni Baraka unaelekea ziwani, utaona benchi moja ndefu ya mbao mbele ya kibanda cha Mama Clarisse, mwenye kahawa ya tangawizi. Sisi tunaiita Sénat, juu mutu akisha ikaa pale, haondokake kwa mapenzi yake. Mimi ni Raphaël, fundi wa nguo. Cherehani yangu iko hatua kumi na mbili toka benchi. Nimezihesabu, maana ndiyo safari yangu ya kila siku: asubuhi naenda kufungua mulango, kisha narudi kukaa. Maman Constance alinipa kitambaa chake kabla ya Pasaka. Akipita namwambia "kesho," naye anajibu, "Fundi, kesho yako iko na miguu mirefu." Basi usidhani nasimulia ya wengine kama mutu mwema. Nasimulia juu nilikuwepo, mdomo nilikuwa nao, na sikuutumia.

Wenye nafasi ya kudumu kwenye Sénat, ukiniondoa mimi, ni wawili. Wa kwanza ni Papa Henri, tunamuita Intérim, yaani kaimu. Zamani alishika nafasi ya directeur wa shule moja kule Nundu kwa majuma mawili, directeur mwenyewe akiwa mgonjwa. Directeur akapona. Henri hajapona mpaka leo: koti lile lile, kalamu mbili mfukoni, na Kifaransa cha kuhutubia mbuzi. Wa pili ni Bertin, jina la benchi Karati. Alichimba dhahabu Misisi miaka sita, akarudi na mguu unaochechemea na maelezo ya kila kitu kilichofichwa chini ya ardhi.

Jumatatu ile tulikuwa kwenye kikombe cha pili, Vainqueur akaja kwa miguu.

Vainqueur kwa miguu! Huyu ni motard, dereva wa pikipiki, ambayo huku tunaiita moto. Tunamuita Dakika Kumi, juu ukimpigia simu, hata akiwa amekwama kwenye matope njia ya Minembwe, anakujibu "niko hapo dakika kumi." Miaka mitano sijaona viatu vyake vikikanyaga barabara zaidi ya hatua tatu. Leo viatu vimepigwa rangi, shati iko ndani ya suruali, na mkononi ameshika karatasi ndani ya plastiki.

Intérim: Petit, moto imekufa?

Vainqueur: Moto haikufa, vieux. Mie njo nimeiacha. Leo saa kumi na mbili ya asubuhi nimemurudishia mwenye moto, Papa Lionel, funguo yake mukononi.

Karati: Amekufukuza.

Vainqueur: Nani anifukuze? Nimepata emploi!

Wewe unayesoma mbali na huku, labda hujui uzito wa neno lile. Kazi, kila mutu anayo. Kulima ni kazi, kuvua ni kazi, kusukuma mizigo ni kazi. Lakini emploi ni kazi yenye kiti. Emploi inakuwaka na bureau, na tampon, ule muhuri wa wino, na siku ya kupumzika ambayo ukipumzika hakuna anayekuita mvivu. Hapa mutu anaweza kufa na kazi zake kumi, na kwenye matanga batu watikise vichwa: "Masikini, hakupata emploi."

Akatoa karatasi kwenye plastiki kwa vidole viwili. Juu kulikuwa na maneno makubwa: EMPLOI DU TEMPS. Kando, kwa kalamu, jina lake. Chini, tampon ya shirika moja lililofungua bureau juzijuzi nyuma ya soko. Juma lililopita mutu wa shirika lile alipita ku parking ya bamotard akaandika jina lake, na jana jioni karatasi ikaletwa nyumbani.

Vainqueur: Jina yangu mumeiona? Banaandika mupaka accent... Haina accent, lakini banaandika vizuri.

Mama Clarisse: Hongera, baba. Na ni kazi gani sasa?

Vainqueur: Si imeandikwa, mama? Emploi. Du temps.

Mama Clarisse: Du temps njo nini?

Intérim akakohoa. Kile kikohozi tunakijua, nyuma yake kunakuja Kifaransa.

Intérim: Temps, mama, ni wakati. Emploi du temps: kazi ya wakati. Shirika limefanya étude, uchunguzi, limeona hapa kwetu wakati unapotea. Mukutano wa saa mbili unaanza saa tano. Ndoa ya saa nne, bibi arusi anafika saa nane, pasteur amekwisha lala. Sasa banatafuta mutu mumoja wa kulinda wakati.

Karati: Sawa na sentinelle?

Intérim: Cadre, mukubwa wa bureau! Sentinelle analinda ukuta. Huyu analinda masaa. Anapita mitaani, anaingia kanisani, anaingia sokoni, anaandika nani amechelewa.

Mama Clarisse: Hapa? Karatasi itamuishia ku benchi hii tu. Na bahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Intérim: Voilà! Haraka haina Baraka, iko Nundu. Njo sababu bamotard wote banakimbiliaka kule.

Karati akachukua karatasi, akaiinua juu kwenye jua, akafunga jicho moja, kama anavyofanyaga na kila kitu tangu Misisi.

Karati: Mie sioni wakati hapa. Hii Dutemps ni jina ya mutu.

Intérim: Jina ya mutu wapi?

Karati: Bwana Dutemps. Munene mumoja hivi, tajiri wa Ubelgiji. Kule Misisi batu balikuwa banamutaja. Hakuna aliyemuona, lakini mashimo yote mazuri yalikuwa yake. Emploi Dutemps, kazi ya kwa Dutemps. Sawa vile unasema moto ya Papa Lionel.

Intérim: Lakini DU iko peke yake, TEMPS iko peke yake!

Karati: Du njo jina ya baba, Temps njo jina ya mutoto. Weye unaitwa jina moja?

Vainqueur mwenyewe nilimuona anaipenda hii ya Dutemps kuliko ya kulinda wakati. Kulinda wakati hapa kwetu ni kugombana na mji mzima. Kwa Dutemps unaingia, unavaa gilet, unakaa.

Karati: Na nitawaambia kingine. Simu ya wavuvi ikifika katikati ya ziwa, inakamata réseau ya Tanzania, sivyo? Na saa inaruka. Ilikuwa saa mbili, inakuwa saa tatu. Ile saa moja imeenda wapi?

Mimi: Haijaenda mahali. Tanzania wako mbele saa moja tu.

Karati: Mbele na nini? Na saa yetu! Kila siku saa moja, kila simu saa moja, hesabu toka simu zimefika. Yote hiyo inamwagika ndani ya ziwa. Dutemps ameijua. Mutaka cha mvunguni sharti ainame! Anatafuta vijana wa kuinama.

Vainqueur: Mie sijui kuogelea, mukubwa wangu.

Karati: Utapewa formation.

Usicheke bado. Mimi nilicheka, halafu Vainqueur akanipa karatasi nisome yaliyoandikwa chini, kwa herufi ndogo, juu yeye shule iliishia darasa la sita na macho yamekula vumbi la barabara. Nikasoma kwa sauti. Siku ya kwanza: 7h30, accueil, mapokezi. 10h30, pause.

Intérim: Pause! Mumesikia? Kazi inayokuamuru kupumzika. Imeandikwa, na tampon juu yake. Hiyo ni emploi.

Mama Clarisse: Nyinyi muko pause toka saa moja ya asubuhi, tampon muliiweka wapi?

Nikaendelea. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu: 15h, photo de famille. 15h30, clôture.

Hapo ndipo Vainqueur alipovuta mfuko wa plastiki mwingine, uliokuwa chini ya kwapa. Kitambaa cha kitenge, kipya, njano na buluu.

Vainqueur: Fundi, njo nilikuwa nakutafuta. Batoto wane, na bibi yangu Dorothée, na mie. Wote sare moja. Siku ya tatu banapiga photo ya famille. Sitaki familia yangu itokee ku photo ya bureau sawa na bakimbizi.

Intérim: Na clôture?

Vainqueur: Hiyo sikuielewa vizuri.

Intérim: Clôture ni ukuta, petit! Ukuta wa kuzunguka lupango, kiwanja cha nyumba. Siku ya tatu unapigwa photo na famille, banaona muko wangapi, nusu saa kisha banakupatia lupango yenye clôture. Mpango wa logement, wa makao. Wazungu hawachezake na logement.

Vainqueur akakaa. Akasema polepole, "Na ukuta?" kama mutu anayeogopa kuamsha mutoto.

Na mimi, karatasi mkononi, nilikuwa nimeelewa. Siku tatu. Pause. Picha ya pamoja. Clôture, kufunga. Hii si kazi. Hii ni formation, mafunzo kama yale mashirika yanafanyaka kila mwezi, na emploi du temps ni ratiba yake tu, mpangilio wa masaa. Huku kwetu ile kitu tunaiita horaire tangu darasa la kwanza, hakuna mwalimu aliyetufundisha jina lingine. Mutu aliyeandika karatasi ametoka mahali wanaposema Kifaransa kingine, na Vainqueur ameona neno la kwanza, amelia kwa furaha, hakusubiri la tatu.

Nilipaswa kusema. Nikaangalia kitenge. Nguo sita za mara moja! Tangu Krismasi hakuna aliyeniletea nguo sita. Tayari nilikuwa nimepima kola kwa macho. Nikasema, lakini kwa sauti ya mutu asiyetaka kusikiwa:

Mimi: Labda... ni horaire?

Intérim: Pardon?

Mimi: Labda ni horaire tu. Horaire ya formation.

Intérim akasimama. Mara ya mwisho alisimama hivyo tulikuwa na mazishi.

Intérim: Fundi Raphaël. Mie nimekuwa directeur. Horaire nimetundika ukutani kwa mikono yangu hii. Horaire inaandikwa horaire, na H mbele! Kama ingekuwa horaire, bangeandika horaire. Banaandika emploi juu ni emploi. We ushone tu, kusoma unajua nini?

Karati: Wivu huo. Mutu akipata, batu banaanza H.

Vainqueur akanitazama. Hakukasirika, alionekana kunihurumia. Nikakunja kitenge nikakiweka magotini, nikanyamaza, na ninaona haya mpaka leo hii ninapoandika.

Mama Clarisse alikuwa anasuuza vikombe. Akasema bila kuinua kichwa:

Mama Clarisse: Bureau iko nyuma ya soko. Toka hapa, kuimba wimbo moja haujaisha umefika. Juu ya nini mutu moja haendi kuuliza?

Intérim: Kuuliza si ujinga, mama.

Mama Clarisse: Njo nasema!

Intérim: Na kama si ujinga, sisi wenye akili tutauliza nini?

Karati akapiga makofi. Mama Clarisse akatupa maji machafu karibu sana na viatu vyangu. Hakukosea shabaha.

Mama Clarisse: Vainqueur, mwanangu. Moto ilikukosea nini?

Hapo Vainqueur akabadilika sura. Akavua kofia.

Vainqueur: Haikunikosea, mama. Lakini miaka mitano mie siitwake jina. "We moto! Kuja hapa, moto! Moto, ngoja!" Mutu anapanda, anashuka, uso wangu hajauona. Naamka, naenda, narudi, naenda, narudi. Jioni najiuliza, Vainqueur, leo umefika wapi? Sijafika mahali. Nimefikisha bengine.

Mama Clarisse: Na usiku ule wa kuzaa Aline wangu?

Vainqueur: Ule ni zamani.

Mama Clarisse: Zamani kwako. Mvua inanyesha, mutoto iko njiani, bwana yangu iko ziwani. Nilipiga kelele "moto!" juu jina yako sikuijua, kweli. Ulinipeleka hospitali unasukuma ile moto ku matope, unaniambia "mama, dakika kumi." Ilikuwa masaa mbili nzima! Lakini kila dakika kumi ulisema tena dakika kumi, na mie nikazaa hospitali, sikuzaa barabarani. Usiniambie haujafika mahali.

Vainqueur alikwaruza rangi ya kiatu kwa ukucha. Kama Sénat ingekuwa na akili ya kuku, kikao kingefungwa pale, yeye angeondoka mbio kwa Papa Lionel kuomba msamaha. Lakini Intérim ukimya unamuwashaga.

Intérim: Sentiment ni nzuri, mama. Ila mvumilivu hula mbivu. Huyu amevumilia, sasa ale clôture yake. Petit, ulimuambia nini Papa Lionel?

Uso wa Vainqueur ukarudi kung'aa.

Vainqueur: Nilimuambia yote! Nilimuambia, Papa Lionel, miaka mitano nimeosha moto yako zaidi ya batoto wangu. Leo mutafute mupumbavu mwingine.

Karati: Eheee! Naye?

Vainqueur: Alicheka. Merveille, ule kijana wa kwa dada yake, alikuwa amesimama ku mulango. Papa Lionel akamutupia funguo mbele yangu. Akasema, "Mupumbavu mwingine ni huyu." Sasa hivi Merveille iko ku parking na ile moto.

Karati akacheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafanya hesabu ya mutu aliyebomoa daraja akiwa bado upande wa mto usio wake.

Ndipo akafika mwanamke kijana, badge shingoni, register kubwa kifuani, viatu vyeupe kwa vumbi. Alionekana ametembea sana tangu asubuhi. Akatusalimia mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka mimi.

Solange: Jambo bapapa, jambo mama. Mie ni Solange, wa shirika la nyuma ya soko. Banasema hapa nitamupata Papa Vainqueur.

Vainqueur akasimama, akaingiza shati tena ndani ya suruali, ingawa ilikuwa ndani.

Vainqueur: Ni mie, madame. Karatasi nimeipata. Nashukuru sana. Na bibi anashukuru. Kesho saa moja na nusu mutanikuta ku mulango.

Solange akatabasamu, meno yote nje. Sijui lini tena atakutana na mutu wa kufurahia karatasi yake namna ile.

Solange: Vizuri sana! Bengine inabidi kubembeleza. Ni siku tatu tu, papa, hatutakuchosha. Tunafundisha batu wenye kazi, bamotard, bamama wa soko, bafundi, namna ya kupanga masaa yao, na kuona maana ya ile kazi wanafanyaka kila siku.

Vainqueur: Siku tatu za kuanza.

Solange: Siku tatu zote. Ile karatasi si ni horaire yake?

Intérim aligundua kitu cha ajabu sana ndani ya kikombe chake. Hakuinua tena macho.

Vainqueur: Na kisha siku tatu, madame?

Solange: Kisha tunapiga photo pamoja, tunafunga, kila mutu anarudi ku kazi yake.

Nilisikia jirani yangu anavuta pumzi, nikadhani ni Karati. Ilikuwa mimi. Kitenge kilikuwa magotini mwangu na kilikuwa kimekuwa kizito. Vainqueur alisimama palepale, tabasamu bado usoni, limesahauliwa tu pale kwa kukosa mutu wa kuliondoa.

Solange akafungua register, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

Solange: Sasa nakamilisha liste tu. Jina ninalo. Simu?

Vainqueur akamtajia namba, tarakimu moja moja, bila kukosea.

Solange: Kazi?

Vainqueur akaitazama ile kalamu.

Solange: Naandika kwa kila mutu, juu bila kazi hatuwezi kupokea, bakubwa balikataa. Ku parking ya bamotard nimemuandika mumoja sasa hivi, kijana wa moto nyekundu, Merveille. Na weye, papa?

Vainqueur akatugeukia. Ningependa angetugeukia kwa hasira, hasira ningejua la kufanya nayo. Alitutazama tu, mmoja mmoja, kama tunavyotazamana darasani mwalimu akiuliza, akingoja mmoja wetu amnong'oneze. Intérim, aliyetafsiri kila neno la karatasi mpaka ukuta wa lupango, alikuwa anatafuta kalamu yake mfukoni, na zote mbili zilikuwa pale. Karati aliinama kwenye mguu wake mgonjwa akaanza kuukanda. Mama Clarisse aliinamisha birika juu ya kikombe na hakikutoka kitu.

Solange aliinua kalamu kidogo toka kwenye karatasi, akasubiri, kisha akasema kwa upole, kama mutu anayedhani hakusikika vizuri:

— Si swali ngumu, papa. Unafanyaka kazi gani?